Mjadala: Vigezo vya fanksheni za eBPF vikaguliwe na kerneli, au kazi hiyo aachiwe kompaila?

Mleta mada
Wakuu, tangu eBPF (njia ya kuendesha programu ndogo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi) iingie kwenye Linux 3.18 mwaka 2014, kila programu hupitiwa na kikaguzi kilicho ndani ya kerneli kabla haijaruhusiwa kuendeshwa. Faili la kikaguzi hicho, verifier.c, limeshapita mistari 20,000. Wapo wanaosema limekuwa kubwa mno kuaminika: tuandike kwa lugha salama kama Rust, kompaila (kitafsiri cha msimbo) ikague aina za vigezo (thamani zinazopewa fanksheni), programu itiwe saini, na kerneli ihakiki saini basi. Napinga. Tatizo ni jinsi tunavyotangaza vigezo, wala si mahali vinapokaguliwa.

Programu inapoita fanksheni ya kerneli, vigezo hukaa kwenye rejista (vihifadhi vidogo vya thamani) R1 hadi R5. Kila fanksheni saidizi (helper, fanksheni ya kerneli iliyotengwa kuitwa na eBPF) ina kadi yake, bpf_func_proto, inayotaja aina ya kila kigezo na aina ya jibu litakalorudi kwenye R0. Kikaguzi hulinganisha kadi na kile kinachojua kimo kwenye rejista wakati huo. Panapotakiwa pointa (anwani ya kumbukumbu) ya ufunguo wa mapu (jedwali la data la eBPF) ukapeleka namba tupu, unakataliwa.

Sasa tazameni CVE-2021-4204, udhaifu wa usalama uliosajiliwa. bpf_ringbuf_submit inatakiwa ipewe pointa ileile iliyotolewa na bpf_ringbuf_reserve (inayotenga nafasi ya rekodi), bila kusogezwa, kwa sababu hurudi nyuma baiti 8 kutafuta kichwa cha rekodi. Aina ya pointa ilikaguliwa. Kama imesogezwa, haikuulizwa, maana swali hilo liliwekwa kwa aina chache tu za pointa. Marekebisho yaligeuza kanuni: aina zinazoruhusiwa kusogezwa zinatajwa moja moja, zilizobaki zote hukataliwa, hata zitakazobuniwa kesho. Hiyo ndiyo dawa, na imepatikana humohumo ndani ya kerneli.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, mfano wako unanisaidia mimi. Kadi hizo huandikwa kwa mkono, na hakuna kinachohakiki kwamba kadi inasema kweli kuhusu mwili wa fanksheni. Chukua CVE-2024-49861. bpf_strtol huandika jibu lake kupitia kigezo cha nne. Kadi ilisema ni pointa ya namba ndefu, haikusema kwamba itaandikwa. Kwa hiyo programu iliweza kupeleka pointa ya mapu iliyogandishwa, kama .rodata (data ya kusoma tu), na data isiyopaswa kuguswa ikabadilishwa. Kwenye Rust, & na &mut ni aina mbili tofauti za rejeleo, ya kwanza ya kusoma tu na ya pili ya kuandika, na fanksheni inayojaribu kuandika kupitia & ya kawaida haikompailiki. Kosa hilo lingenaswa siku ya kwanza.

Mleta mada
Lingenaswa kama mwili wa bpf_strtol ungekuwa wa Rust. Ni wa C. Mtu angeufunika kwa tamko la Rust lililoandikwa kwa mkono, ndani ya unsafe (sehemu ambayo kompaila ya Rust haihakiki usalama wote), na angeweza kusahau &mut vilevile. Umehamisha kadi, hujaiondoa. Zaidi ya hapo umeongeza kompaila nzima kwenye vitu tunavyolazimika kuviamini. Saini nayo inasema nani kaleta programu. Haisemi programu inafanya nini.

Mchangiaji wa pili
Ndugu zangu, wanaoandika programu hizi kila siku huumia zaidi kwenye vigezo vinavyokwenda wawili wawili: pointa na ukubwa wake. Ukubwa wa aina ya ARG_CONST_SIZE lazima uwe na mipaka inayojulikana. Kikaguzi huchukua thamani ya juu kabisa inayowezekana, kisha huuliza kama eneo la kumbukumbu linaitosha. Steki (kumbukumbu ya muda ya programu) ni baiti 512 tu, kwa hiyo nafasi haipo ya kubahatisha. Ukitumia int yenye alama ya kujumlisha na kutoa, utaambiwa kiwango cha chini ni hasi. Itangaze isiyo na hasi, kisha `len &= 255` kabla ya mwito, na hakikisha pia si sifuri, maana aina hii haikubali sifuri.

Na hapa ndipo kompaila anayesifiwa huharibu. Clang huweza kukagua mpaka kwenye rejista moja, halafu akatumia nakala iliyo kwenye nyingine. Mara nyingine kikaguzi hakioni uhusiano wao, kinakataa programu isiyo na kosa. Dawa ni kuweka `asm volatile` tupu (amri ya asembli isiyo na kitu ndani) juu ya kigeu hicho, ili kompaila asihamishe hesabu.

Kuhusu kadi, kfunc (fanksheni za kerneli zinazoitwa moja kwa moja, bila kadi) zimepiga hatua: aina za vigezo husomwa kutoka BTF (maelezo ya aina za data), inayozalishwa kutoka msimbo wa C wenyewe, hivyo tamko na fanksheni haviwezi kupishana kuhusu struct (muundo wa data). Ukubwa hutambuliwa kwa jina la kigezo linaloishia na __sz. Ukisahau kiambishi hicho kwenye pointa ya void (isiyotaja aina ya data), programu inakataliwa. Usahaulifu wa namna hiyo hauna hatari.

Mchangiaji wa kwanza
Hapo nakubali. Lakini tangu Linux 5.16, mpangilio wa kawaida unamzuia mtumiaji asiye na mamlaka kupakia eBPF. Anayepakia ana CAP_BPF (ruhusa ya kupakia eBPF) au ni root (msimamizi mkuu). Kikaguzi kinamlinda nani dhidi ya nani?

Mleta mada
Kinamlinda mwenye root dhidi ya kosa lake mwenyewe. Pointa ya NULL (isiyoelekeza popote) iliyopita bila kukaguliwa inaweza kuangusha mashine iwe imeletwa na mshambuliaji au na mhandisi mwadilifu.

Basi pendekezo langu ni hili: kigezo chochote cha pointa kisichotajwa kama kinasomwa au kinaandikwa, kerneli isikompailiwe. BTF ya C hubeba const, kwa hiyo kwa kfunc nusu ya kazi ipo tayari. Kwa fanksheni saidizi za zamani, kadi zipitiwe moja baada ya nyingine na mtu anayesoma mwili wa fanksheni ubavuni mwa kadi, kwa kuanzia na zile zinazopokea pointa na kuandika jibu humo.