Remmina inasema akaunti imelokiwa wakati paswedi ni sahihi, naombeni msaada

kisiki_mvule
Habari za jioni wakuu. Mimi niko Mwanza natumia laptop yenye Ubuntu 22.04 (Linux), kompyuta ya duka iko Dar, Windows 11 Pro, ndo ina programu ya stoo na mauzo. Mwezi uliopita fundi alikuja akawasha rimoti desktopu (RDP, ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali), akaingia kwenye ruta akafungua poti yake 3389 ielekee kwenye hiyo mashine, nikawa naingia freshi kabisa kwa Remmina, ile programu ya Linux ya kuingilia kompyuta ya mbali. Sasa tangu wiki iliyopita ni mauzauza matupu, asubuhi naingia, mchana inakataa eti akaunti imelokiwa, nikisubiri kama robo saa inakubali, nikitoka kidogo kunywa chai nikirudi imekataa tena. Paswedi sijakosea, naikopi na kuipesti. Remmina nimeifuta nikaiweka upya, hola. Au ndo Linux na Windows haziivi?

nanga7
Zinaiva vizuri tu. Jina unaloingilia ni lipi? Na usiandike paswedi humu tafadhali, kuna mtu aliwahi 😂

kisiki_mvule
admin. Fundi ndo aliweka.

nanga7
Basi hapo hapo. Mwambie aliyeko dukani afungue Event Viewer, Windows Logs, kisha Security, achuje namba 4625. Hizo ni za watu walioshindwa kuingia. Akupigie picha.

kisiki_mvule
Aisee. Dogo kanitumia picha, ukurasa mzima ni 4625, sekunde kwa sekunde, ADMIN, ADMINISTRATOR, USER, TEST, tena usiku wa manane duka limefungwa. Nani hawa??

nanga7
Siyo mtu, ni maroboti yanazunguka intaneti nzima yakigonga 3389 na kubahatisha majina. Windows 11 mpya zinaloki akaunti kwa dakika 10 ikikosewa paswedi mara 10, na wao wanakosea kwa jina lako, kwa hiyo wewe mwenye nyumba ndo unafungiwa nje. Shukuru ilikuwa inaloki, la sivyo ungekuja kushtuka siku mafaili yote yamefungwa na unadaiwa hela.

pweza_mkavu
Badilisha poti tu boss, weka 3390 maisha yaendelee.

nanga7
@pweza_mkavu hiyo ni kuhamisha mlango ukaacha komeo, watauona tu. Funga poti kabisa.

Kisiki, fanya hivi, na ufuate mpangilio maana uko mbali, ukifunga ruta kwanza umekata tawi ulilokalia. Weka Tailscale (VPN, inaunganisha mashine zako kwa mtandao wa siri) kwenye Windows na kwenye Ubuntu yako, akaunti moja. Kwenye Windows uwashe ile Run unattended (iendelee kukaa hewani hata kama hakuna aliyeingia), wengi wanaisahau, umeme ukikatika mashine ikawaka yenyewe bila mtu kuingia unabaki unashangaa. Kila mashine itapata adresi inayoanza na 100, iweke hiyo kwenye Remmina badala ya ile ya ruta. Ukishaingia kwa njia hiyo, tena jaribu ukiwa kwenye bando la simu, ndo sasa uondoe 3389 kwenye ruta. Halafu fayawoli ya Windows iruhusu rimoti desktopu kutoka 100.64.0.0/10 (ndizo adresi za Tailscale) pekee. Na tengeneza yuza mwingine mwenye jina lisilobahatishika, paswedi ndefu, umweke kwenye kundi la Remote Desktop Users. PIN haifanyi kazi huku, ni paswedi.

kaa_wa_tudor
Niongezee hapo, kuna video zinawaambia watu wazime NLA (ile ya kuhakiki paswedi kabla skrini haijafunguka) eti ndiyo Linux iweze kuingia. Msizime! Remmina inaisapoti NLA miaka mingi sasa. Mimi hapa Mombasa nilikuwa na kompyuta ya Windows 7 yenye RDP wazi hadi 2019 lile tundu la usalama la BlueKeep lilipotangazwa, huyo mdudu alikuwa anapita bila hata paswedi, nililala macho wazi siku hiyo. Yako ni 11 haikuhusu, lakini kama kuna mtu humu bado ana 7, tafadhali.

pweza_mkavu
Sasa mimi kinyume, natoka Windows kwenda Ubuntu kwa xrdp (ile inayoifanya Linux ipokee rimoti desktopu), nikiingia napata skrini nyeusi tu na kale ka-mshale.

kaa_wa_tudor
Umeacha yuza huyo huyo ameingia kwenye Ubuntu yenyewe. Logi auti pale kwanza, au tumia yuza mwingine.

pweza_mkavu
Dah, kweli. Wiki mbili nimehangaika na drayva ya skrini.

kisiki_mvule
Mrejesho. Tailscale imekaa, nimejaribu kwa bando la simu nikaingia, ruta nimefunga jana saa mbili usiku. Mara ya kwanza ilikataa jasho likanitoka, kumbe kompyuta ilikuwa imelala, dogo kaiwekea isilale. Leo nimechungulia 4625, tangu jana iko moja tu, nayo ni mimi nilikosea herufi.