MJADALA: Data za makampuni makubwa, seva zibaki Unguja au ziende wingu la nje?

WaNgambo
Hoteli kubwa na kampuni za boti kila mwaka zinanunua diski, kila mwaka zinajaa. Wahamie wingu, yaani seva za kukodi mtandaoni, yaishe. Seva kando ya bahari chumvi inakula bodi, na umeme wetu tunaujua. Mmesahau 2009, mwezi mzima gizani?

Sheha_wa_Diski
Mwezi mzima ilikuwa 2008. Ile nyengine ilianza Disemba 2009 ikaisha Machi 2010. Miezi mitatu! Hata giza unalikosea hesabu. Na waya wa megawati 100 upo chini ya bahari tangu 2013.

WaNgambo
Miezi mitatu ndiyo unanisaidia mie, yakhe.

Sheha_wa_Diski
Haya, piga hesabu hii basi. Terabaiti 10 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde, isiyumbe hata kidogo, ni siku tisa na ushee. Seva imekufa Ijumaa, wageni wako mapokezi, wewe unashusha data mpaka Jumapili ya wiki ya pili. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, Seacom na EASSy, zilipokatika pamoja, wingu mlilionea wapi?

Bi_Mizani
Mnagombania ghala, mzigo hamujautizama. Kamera moja ya ulinzi ya megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 60, siku 30: karibu terabaiti 78 za korido tupu! Mikataba na hesabu za miaka kumi hazifiki hata terabaiti moja. Wekeni tarehe ya kufuta, picha zijifute zenyewe. Lakini wapi, watu wanarundika tu kama Mpemba na karafuu.

Mkoani_Kwetu
Hebu ngoja. Nani anarundika karafuu? Mbichi ukizilaza chungu usiku mmoja zinapata moto, zinachacha, zinapauka, daraja limekwenda. Huchambuliwa siku ile ile, huanikwa kwenye majamvi, zikikauka ndipo zinatiwa gunia. Kilo tatu zinakupa moja. Nyie wa mjini mnajua ya pilau tu.

WaNgambo
Na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mnayatupa.

Mkoani_Kwetu
Hayatupwi! Yanakwenda kiwandani Wawi, Pemba, kutolewa mafuta. Uliza kabla ya kuandika.

Bi_Mizani
Samahani kwa karafuu. Kwa kamera siombi.

Sheha_wa_Diski
Mkoani kasema kuliko sote: chambua siku ile ile. Faili likishaingia kwa jina la "mkataba mpya mwisho kabisa 3", halina idara, halina tarehe, aliyelitia akihama kazi hakuna atakayethubutu kulifuta.

Mkoani_Kwetu
Usinifanye mfano wako, mie sijamaliza na huyo wa makonyo.

WaNgambo
Kwani lazima seva au wingu? Nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja nje ya jengo. Ya kila siku iwe hapa, irudi kwa saa chache.

Sheha_wa_Diski
Sasa umekuja kwangu kimya kimya! Ongeza: diski pacha, mbili zinazoandika kitu kile kile, si bekapu, si nakala ya akiba. Virusi vya kufunga faili vinafunga zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo nakala moja ichomolewe kabisa. Na kila miezi mitatu irudisheni kwenye mashine tupu muone kama inafunguka.

WaNgambo
Sijaja kwako. Na chumvi je?

Mkoani_Kwetu
Makonyo kwanza.