Naomba ushauri: presha ya mama haishuki kwa dawa

Habari zenu wakuu. Mama yangu anameza amlodipini, losatani na haidroklorothiazidi bila kuruka, chumvi kapunguza kabisa, lakini presha imegoma kwenye 170/100. Nimesoma kuhusu tiba ya kuunguza neva zinazozunguka mishipa ya damu ya figo. Mrija mwembamba unapitishwa kwenye mshipa wa kinena, bila kupasua tumbo. Marekani imeidhinishwa tangu Novemba 2023. Naelewa presha hushuka kiasi tu na vidonge mara nyingi huendelea, ila kwa mama hata nafuu hiyo ni kubwa, maana naogopa sana kiharusi.

Kuna aliyefanyiwa, au aliyeuguza mtu aliyefanyiwa? Wapi, na gharama ikoje? Au tuanze na kipimo cha aldosteroni, homoni ambayo ikizidi mwilini hupandisha presha?