Msongo wa kazi pakihausi kabla ya Februari 14: tuanzie wapi?

Afisa_Maslahi (Naivasha): Wadau, kila Januari oda za waridi zikipanda, watu wa pakihausi (jengo la kupanga na kufungasha maua) huanza kugombana, kuumwa kichwa na kukosa kazini. Wakubwa wanataka kumleta mhamasishaji azungumze siku moja. Kuna njia bora isiyo ya gharama kubwa?

Nasaha_Nakuru: Hotuba haipunguzi maua yaliyorundikana mezani. Mtu huumia zaidi mzigo unapokuwa mzito na yeye hana usemi wowote juu yake, kwa hivyo shughulikieni kazi yenyewe kwanza. Lengo la siku litangazwe asubuhi na lisibadilishwe alasiri. Oda ikiongezeka, ongezeni mikono. Ratiba ya ovataimu ibandikwe wiki moja kabla, maana mama aliyeacha mtoto kwa mlezi akiambiwa saa kumi jioni kwamba atabaki, hiyo jioni nzima hana raha. Wa chumba baridi, maua yanakohifadhiwa, wabadilishane zamu na wa mezani.

Halafu supavaiza. Huyu ndiye anayetuliza au kuwasha moto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linapendekeza mameneja wafunzwe kutambua mfanyakazi aliyelemewa. Afundishwe kumwita mtu kando na kuuliza, "Ni nini hapa kazini kinachokulemea?" Akianza na mambo ya nyumbani, mtu atajifunga.

Haki_Kazini (Kisumu): Naongezea likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka zenye malipo kamili, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mkisema "subirini msimu uishe", kumbukeni oda hupanda tena kwa Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, na kwa Siku ya Mama ya Uingereza. Mtu atafika Aprili hajapumzika. Anzeni kuwatoa kwa zamu tangu Oktoba.

Afisa_Maslahi: Asanteni sana. Na mshauri nasaha? Tuliye naye haendewi na mtu.

Nasaha_Nakuru: Angalia anapokaa. Chumba kikiwa karibu na ofisi ya ajira, kila anayeingia anaonekana, na wa kibarua ataogopa mkataba wake usihuishwe. Mhamishieni kliniki, ambako mtu huenda hata kwa mafua. Wafanyakazi wajipeleke wenyewe, bila barua ya supavaiza. Ankara yake ionyeshe idadi ya vikao tu, bila majina. Habari za afya ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Hilo waelezwe kwa mdomo, kwenye mkutano wa asubuhi, mshauri mwenyewe akiwepo.