Mhakiki huru wa mifumo ya baraza kabla ya kubadilisha: aanzie wapi?

Mtambwe_Kusini

Assalaam alaykum jamaa. Baraza letu la mji huku Pemba linataka kubadilisha mfumo wa mapato (leseni za biashara, ada za soko, ada za usafi) pamoja na seva zake. Mkandarasi atakayefunga mfumo mpya amesema uliopo ataukagua yeye mwenyewe bila ya malipo, na baadhi ya wakuu wameshaona hiyo ni nafuu. Mimi nashikilia tupate mhakiki wa pembeni. Tulivyonavyo: seva 2, moja bado iko kwenye Windows Server 2012 R2 (programu endeshi ya zamani ya seva), kompyuta 41, mashine za risiti za mkononi 23, bekapu kwenye diski ya nje. Muda ni wiki 4. Hadidu za rejea (waraka wa masharti ya kazi ya mhakiki) tuziandikeje, na mhakiki aanzie wapi?

Hadidu

Waalaykum salaam. Endelea kushikilia hapo hapo. Anayeuza mfumo mpya hana sababu hata moja ya kuandika kwamba wa zamani unafaa kubaki, au kwamba tatizo lenu liko kwenye data na programu haina kosa. Na akishakagua yeye, kila kitakachoharibika baadaye atasema kilikuwa kibovu tangu mwanzo, nanyi hamna karatasi ya kumjibu.

Kwenye hadidu andikeni wazi kwamba mhakiki, na kampuni yoyote yenye uhusiano naye, haruhusiwi kuomba zabuni ya kufunga mfumo. Ripoti iwafikie Mkurugenzi, mkaguzi wa ndani na kamati ya fedha siku moja, bila ya kupitia kwa mkandarasi kwanza. Halafu lililo kubwa zaidi: mhakiki awe na ruhusa ya kuandika "msiendelee", na mkataba wa mkandarasi useme kwamba kazi haianzi mpaka kasoro za daraja la kwanza, yaani zile nzito zaidi, zifungwe. Bila ya kifungu hicho ripoti itaishia kabatini.

Kila kasoro iandikwe na ushahidi wake, athari yake, nani ataishughulikia na kwa siku ngapi. Sentensi kama "usalama uimarishwe" irudishwe kwa aliyeiandika. "Akaunti 6 za waliohamishwa bado zinafungua mfumo, zifungwe ndani ya siku 2" ndiyo inayofanyiwa kazi.

Waandikieni pia eGAZ, taasisi ya serikali mtandao ya Zanzibar, kabla ya kusaini chochote, muulize viwango wanavyovitaka na namna ya kujaribu muunganiko na ZanMalipo (mfumo wa malipo ya Serikali). Mkilijua hilo mwishoni, wiki 4 zenu zimekwisha.

waya_mwekundu

Nami nitasema ya mitambo. Msaada wa Windows Server 2012 R2 ulikwisha tarehe 10 Oktoba 2023, na wa Windows 10, ambayo huenda imo kwenye kompyuta zenu, tarehe 14 Oktoba 2025. Maana yake viraka vya usalama haviji tena kwa njia ya kawaida. Hiyo seva iondoeni kwenye intaneti sasa hivi, msingoje mfumo mpya.

Kuhesabu vifaa, leja ya stoo pekee haiaminiki. Mhakiki awe na orodha 3: leja, skani ya mtandao (mchana wakati wa kazi, na tena usiku), na kupita chumba kwa chumba. Kinachoonekana kwenye skani na hakimo kwenye leja mara nyingi ni ruta aliyoichomeka mtu, au kamera yenye nenosiri la kiwandani. Kilichomo kwenye leja na hakionekani popote ni suala la mkaguzi wa ndani.

Orodha ya akaunti za mfumo iwekwe kando ya orodha ya mishahara ya mwezi huo. Na muulize nani anashika msimbo wa programu ya sasa, jina la tovuti, na nenosiri la msimamizi mkuu. Ikiwa vyote vitatu viko kwa mkandarasi wa zamani, hata kuhamisha data mtaomba kwake.

Mtambwe_Kusini

Ahsanteni sana. Hiyo bekapu inachukuliwa kila usiku na mfumo huandika "imekamilika". Haitoshi kuwa ushahidi?

waya_mwekundu

Haitoshi, ndugu yangu. "Imekamilika" ina maana faili limeandikwa. Haisemi kama linafunguka. Likinakiliwa faili la kanzidata huku mfumo unafanya kazi, linaweza kuwa na nusu ya juzi na nusu ya leo, na hamtajua mpaka siku ya haja.

Mhakiki achukue bekapu ya usiku wa jana, airudishe kwenye mashine nyengine kabisa isiyounganishwa na mtandao wa ofisi, afungue mfumo, ahesabu rekodi za kila jedwali na jumla ya makusanyo, alinganishe na za asili. Apime na saa. Kanzidata ya gigabaiti 80 ikiwa imewekwa Unguja na laini yenu ni megabiti 10 kwa sekunde, kuivuta tu ni karibu saa 18, laini ikiwa tupu.

Diski moja ya nje iliyochomekwa muda wote si bekapu ya kutegemea: virusi vya kufunga mafaili vitaifunga nayo. Ziwe nakala 3, kwenye vyombo vya aina 2, moja nje ya jengo. Na nje ya jengo kwenu iwe Unguja. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na hitilafu yake inaweza kugusa kisiwa kizima, Wete na Chake Chake pamoja.

UPS (mashine za betri zinazoshikilia seva umeme ukikatika) nazo zijaribiwe kwa mzigo wenyewe. Baada ya kazi, nakala ikiwa salama, chomoeni plagi ukutani mhesabu dakika mpaka seva zijizime zenyewe kwa utaratibu. Taa ya kijani haisemi kitu. Betri za risasi, kila joto likizidi nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua karibu nusu, na vyumba vingi vya seva kiyoyozi huzimwa ofisi ikifungwa.

Bi_Hesabu

Mmezisahau fedha, na huu ni mfumo wa mapato. Mhakiki achague miezi 3, mmoja uwe Juni. Kwa kila mwezi alinganishe ankara zilizotolewa, malipo yaliyothibitishwa, na taarifa ya benki. Kisha risiti 60: 30 zitoke kwenye vishina (nakala za risiti zinazobaki kwa mkusanyaji) kwenda kwenye mfumo, 30 zitoke kwenye mfumo kwenda kwenye vishina. Njia ya kwanza hufichua fedha iliyopokelewa ikakosa kuingizwa, ya pili hufichua maingizo yasiyokuwa na risiti. Ukifanya upande mmoja tu, kosa la upande wa pili halitaonekana.

Kwenye data, jihadharini na majina. Mohammed, Muhammad, Mohamed na Mohd atakuwa mtu mmoja mwenye leseni 4, na Ali Juma Ali wawili wa shehia moja wataunganishwa kuwa mmoja. Mlinganisho uwe kwa namba ya kitambulisho cha Mzanzibari na tarehe ya kuzaliwa, jina liwe la kuhakikishia. Excel isitumike kupitishia data: hula sifuri ya mwanzo ya namba ya simu, namba inayozidi tarakimu 15 huigeuza za mwisho kuwa sifuri, na 05/08 huweza kusomwa 8 Mei bila ya onyo.

Siku ya kuhama isiwe Juni wala Julai, mwaka wa fedha unafungwa na leseni zinafurika. Masika nayo ina radi na umeme wa kukatika. Agosti mpaka Septemba pana utulivu. Na kabla ya kuzima mfumo wa zamani, mashine zote 23 zirudishwe ofisini, kila moja itume risiti zilizobaki ndani, isainiwe kwa namba yake ya kiwanda. Ikikosekana moja, msizime.