Mama anabadilisha mashine ya sikio: abaki na ya moldi au ahamie hii ndogo ya kuchaji?

MwanaMakorora
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba uzoefu wenu. Bi mkubwa ametumia mashine ya sikio miaka mingi, ile kubwa inayokaa nyuma ya sikio yenye moldi (kile kipande kinachotengenezwa kwa umbo la sikio lake). Imekufa, na fundi anasema vipuri vyake havipatikani tena. Tumempeleka kliniki Dar wakampa mpya ya majaribio: ndogo, ina waya mwembamba unaoingia sikioni, mwisho wake kuna kimpira laini, na inachajiwa. Mama haipendi. Anasema haina nguvu, sauti ni nyembamba, halafu sahani zikigongana jikoni anashtuka. Akifika mchana anaivua na kuiweka kabatini. Kliniki wanataka jibu mwisho wa mwezi: tuichukue hiyo, au wampe mpya ya moldi inayotumia betri za kubadilisha. Ya kuchaji imezidi kwa kama laki nane. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

NesiMstaafu
Mkuu, hapo hakuna anayeweza kukushauri. Mama ana umri gani? Odiogramu yake (karatasi ya kipimo cha usikivu) inasema desibeli ngapi, sikio la kulia na la kushoto? Alikuwa anavaa moja au mawili? Masikio yamewahi kutoa usaha? Anakoishi umeme ukoje? Vidole vyake vinaweza kushika betri ndogo? Lete hayo kwanza, la sivyo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Kiboko_wa_Sinza
Chukua ya kuchaji, usifikirie mara mbili. Baba mkwe anayo, simu inaingia moja kwa moja sikioni kwa Bluetooth, anaongea na wajukuu bila kupiga kelele. Habari za kununua betri kila wiki zimepitwa na wakati. Mazoea tu hayo, atazoea.

Msikivu77
Mimi mwenyewe nimevaa tangu nikiwa darasa la tatu, kwa hiyo nitaongea kwa niaba ya mama. Kiboko, "atazoea" ni neno rahisi kwa anayesikia.

Mashine za zamani zilikuwa zinaongeza kila kitu kwa kiasi kilekile. Mtu akinong'ona inaongeza, lori likipiga honi inaongeza vilevile mpaka inafika kikomo chake. Ukikaa nazo miaka, ubongo unajifunza kwamba kusikia ndiko huko, kupigwa na sauti. Hizi mpya za kidijitali zinafanya kinyume: sauti ndogo zinainuliwa sana, kubwa zinazuiwa. Mtu aliyezoea nguvu anaona mashine imelala. Wakati huohuo zinarudisha sauti kali za juu ambazo sikio halijazipata kwa miaka: kijiko kwenye kikombe, mfuko wa nailoni, kandambili kwenye sakafu, maji ya bomba. Nilipobadilishiwa mimi, gazeti likifunuliwa chumba cha pili lilikuwa linanikata maneno. Niliwachukia watu wa nyumbani bila kosa lao.

Kilichonisaidia ni mtaalamu kuiweka chini kidogo mwanzoni, kisha kuipandisha hatua kwa hatua kila niliporudi. Mashine nyingi za sasa zina mpangilio wa kujipandisha zenyewe wiki kwa wiki. Na kila siku nilikuwa nasoma kwa sauti, halafu nakaa na mtu mmoja sebuleni tukiongea, televisheni imezimwa. Arusini na sokoni nilikwenda baadaye. Mama akiivua mchana na kuirudisha kesho, ubongo unaanza upya kila asubuhi.

MwanaMakorora
Asanteni. NesiMstaafu, majibu haya: ana miaka 67. Kulia 75, kushoto 80. Alikuwa anavaa kulia tu, sasa wamempa mbili. Anaishi Pangani, umeme unakatika mara kwa mara. La kushoto lilitoa usaha utotoni, na hata sasa masika yakianza huwa linalowana kidogo. Sikuliona kama jambo la kuandika.

NesiMstaafu
Ndilo jambo lenyewe! Na hiyo 75 ni usikivu uliopungua sana. Hicho kimpira wamemwekea kina matundu au kimeziba? Kama kina matundu, sauti nzito zote zinavuja nje na anabaki na zile nyembamba. Hapo hata akivumilia mwaka mzima ataendelea kusema haina nguvu, na atakuwa sahihi. Vimpira vya matundu ni vya watu wanaosikia vizuri sauti nzito ila wamepoteza za juu kiasi.

BintiUnguja
Naomba nisimulie ya baba yangu, Mungu amrehemu, kwa sababu naiona inajirudia hapa.

Baba sikio moja lilikuwa linatoka maji tangu nimjue. Tukampeleka mahali, sipataji, wakampima harakaharaka, hakuna aliyemtazama ndani ya sikio kwa taa. Wakatuuzia hizo za waya mwembamba, masikio mawili. Zile spika yake haikai kwenye mashine, inakaa ndani ya tundu la sikio, kule kwenye joto na unyevu. Wiki za mwanzo baba alifurahi sana, alikuwa anakaa barazani anawasikia wachezaji wa bao. Kisha la kushoto likaanza kukatakata, likazima. Tukarudi, wakabadilisha kichujio cha nta. Likazima tena. Wakabadilisha spika, tukalipia. Likazima tena. Kila safari ni boti, teksi, kusubiri kwenye benchi, na baba hasikii anachoulizwa mpaka nimjibie. Huku sikio linazidi kuuma kwa sababu limezibwa mchana kutwa na halipati hewa. Siku moja nikakichomoa kile kimpira kikatoka na usaha na harufu. Ndipo tukampeleka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Akauliza swali moja tu: nani aliyewaruhusu kuweka kitu ndani ya sikio hili? Ngoma ya sikio ilikuwa imetoboka. Alisema sikio linakaushwa kwanza, likitulia ndipo mtu anapewa moldi yenye tundu la kupitisha hewa, na likikataa kabisa zipo mashine zinazopeleka sauti kwa mfupa wa nyuma ya sikio, hazigusi tundu.

Baba alikuwa ameshachoka. Hakutaka kuvaa tena chochote, na miaka yake ya mwisho tulikuwa tunaandikiana kwenye daftari. Kaka yangu, mpeleke mama kwa daktari kabla ya mwisho wa mwezi. Bei na Bluetooth vitafuata.

Msikivu77
Poleni sana, Binti. Allah amrehemu mzee.

Texas_Mswahili
Poleni wote. Niko Houston. Huku tangu Oktoba 2022 mtu mzima anaruhusiwa kununua mashine dukani bila kupita kwa daktari, na AirPods Pro 2, zile spika za masikioni za Apple, zilipata idhini ya kutumika hivyo mwaka 2024. Zilikuwa hazifiki dola 250. Kwa nini mama asijaribu hizo? Naweza kumpa mtu anayekuja likizo.

NesiMstaafu
Nia yako njema, ndugu, lakini ruhusa hiyo ya Marekani ni kwa waliopungukiwa usikivu kidogo hadi wastani, na wenye miaka 18 kwenda juu. Mama yuko 75 na 80. Tena hizo zinaziba sikio lilelile linalolowana, na zinahitaji iPhone au iPad ili zipangwe.

Texas_Mswahili
Sawa, nimekuelewa. Mimi niliona bei ya laki nane ya ziada nikaumia.

FundiWaRaskazone
Mimi natengeneza vifaa vya umeme hapa Tanga, mashine za masikio naletewa sana. Chumvi na jasho la pwani ndivyo vinavyoua. Ya moldi ikisumbua, mara nyingi ni mrija unaopeleka sauti kwenye moldi umekauka au una matone ya maji ndani. Unauchomoa, unapuliza kwa kipira, unaurudisha. Mtu yeyote nyumbani anaweza. Ya waya mwembamba ikizima inasubiri Dar. Na ile betri ya ndani ya kuchaji haifunguliwi na fundi wa mtaani. Ikichoka baada ya miaka minne mitano inarudishwa kwa waliouza. Pangani mimi nampa ya moldi.

Usiku iwekwe kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na zile chembe za kukausha unyevu, mlango wa betri ukiwa wazi. Chembe zikibadilika rangi zimeshiba, nazo zikaushwe. Msiweke mchele, vumbi lake linaingia kwenye maikrofoni.

Kiboko_wa_Sinza
Fundi, za kuchaji zinakaa siku nzima kwa chaji ya saa tatu au nne. Na zipo boksi za kuchajia zenye betri yake ndani, umeme ukikatika haina neno. Kutoa kibandiko cha betri ndogo kwa vidole vya mzee ni mateso, nimeshuhudia. Halafu mbona hakuna anayezungumzia kwamba kapewa mbili wakati alikuwa anavaa moja? Hilo peke yake linatosha kumchanganya. Aanze na la kulia.

Msikivu77
Hapo sikubaliani. Ukivaa moja huwezi kujua sauti inatoka upande gani. Mimi nilinusurika bodaboda kwa sababu hiyo. Sikio likikaa miaka bila sauti linasahau maneno, unasikia mlio tu. Mbili, ila la kushoto baada ya daktari.

Kiboko_wa_Sinza
Basi tunasema kitu kimoja, kwa sasa avae la kulia.

MwanaMakorora
Nimepiga kliniki. Kimpira ni cha matundu kweli. Wanasema hata hiyo ndogo inaweza kutengenezewa moldi na kuwekewa spika yenye nguvu zaidi, kwa hiyo sasa chaguo zimekuwa tatu badala ya mbili! La kushoto nimeshaomba miadi ya daktari, mpaka atazamwe tumesimamisha. Mama mwenyewe anasema anataka "kama ile yangu". Dada yangu anataka ya kuchaji kwa sababu ndiye anayekaa naye. Bado tunavutana.

NesiMstaafu
Waombe muda uongezwe, jaribio la kimpira kisichofaa si jaribio. Na odiogramu ikae nyumbani, msiwaachie wao.

Mmakonde_wa_Mikindani
Samahani kwa kuingilia uzi. Nina kijana anatumia betri za mashine ya sikio za saizi 675, za kibandiko cha buluu. Huku Mtwara nilizopata zinaisha siku mbili tatu wakati zamani zilikuwa zinafika wiki mbili. Tatizo ni mashine au betri?

FundiWaRaskazone
Angalia tarehe nyuma ya pakiti. Na je, anabandua kibandiko na kuiingiza papo hapo? Betri hizo zinafanya kazi kwa hewa, ziache wazi kama dakika moja kwanza. Akishabandua hakuna kuokoa, hata kibandiko kikirudishwa inaendelea kuisha.

Mmakonde_wa_Mikindani
Tarehe imefutwa kwa kalamu. Anabandua zote sita mara moja, anaziweka mfukoni aende nazo shule.

FundiWaRaskazone
Hapo umeshanijibu mkuu. Abandue moja moja. Na hizo zilizofutwa tarehe rudisha dukani. Unatumia pakiti za kampuni gani?