Masanduku mawili ya marehemu baba: nyaraka za mwandishi wa habari zipelekwe wapi?

MwanaWalukuba (Jinja):
Salaam ndugu. Baba aliandikia Uganda Argus, akaacha 1972 gazeti lilipogeuzwa Voice of Uganda; alisema yeye hakusomea kumsifu mtu mmoja, Amin, kila asubuhi. Habari zake zilikuwa za wakata miwa na watu wa reli. Ametuachia masanduku mawili ya bati, moja mchwa wamelila kona. Mna madaftari ya hati mkato (yale maandishi ya haraka ya alama), nakala za kaboni, barua za wasomaji, na negativu za picha ndani ya kopo la Blue Band. Dada yangu alishaanza kumpa mama wa chapati afungie!

Nipeleke Makerere au Nyaraka za Taifa pale Wandegeya? Kuna jambo jingine linaninyima usingizi: madaftari yana majina ya waliomletea habari usiku. Wengine wako hai, mmoja ni jirani. Nichome hayo?

Karani_Mstaafu:
Pole kwa msiba, mwanangu. Usichome kitu, wala usipange upya. Tikiti ya basi iliyobaki katikati ya daftari yaweza kukupa tarehe ambayo mzee hakuiandika. Ng'oa pini zenye kutu, seloteipu usiiguse kabisa. Negativu zikinuka siki, zitenge, maana zitaharibu na wenzake.

Makerere hupokea kwa sheria nakala za machapisho ya nchi hii, kwa hiyo magazeti si shida. Adimu ni aya alizokata mhariri, na hizo zimo kwenye kaboni zako.

Kuhusu majina, andikianeni mkataba kwamba madaftari hayo yafungwe mpaka mwaka mtakaoutaja. Hakimiliki nayo ibaki kwenu, isipokuwa muitoe kwa maandishi.

Abu_Arua:
Na udai hati ya kupokelewa, kitu kwa kitu! Sisi za babu tulizipeleka mahali fulani, sipataji. Miaka mitatu baadaye tukazikuta chini ya ngazi, zimelowa chapachapa.

Shangazi_Tapureta:
Hati mkato ya wakati ule kwa kawaida ni ya mfumo wa Pitman, sauti huandikwa kwa mistari. P ni mstari mwembamba, b ni uleule ukikozwa. Ukipiga fotokopi hafifu, vyote vinakuwa kimoja na maana imepotea. Piga picha za rangi, mwanga wa dirishani, kisha mtafute wa kuzisoma sasa hivi. Tumebaki wachache, na macho yetu mnayajua.

MwanaWalukuba:
Asanteni sana. Shangazi, nimekuja kugundua msomaji yuko hapa hapa nyumbani: mama ndiye aliyekuwa akimpigia mzee taipu. Jana nimempa daftari la Agosti 1972. Amesoma ukurasa mmoja kimyakimya, akalifunga, akaniambia tuanze na lile la reli.

Karatasi za mama wa chapati tumeshazikomboa. Kurasa nne zina mafuta, lakini zinasomeka.